Mfungaji wa Ukumbi wa Al Twar

Ijumaa, 3 Oktoba 2025
Msimu wetu wa kwanza Dubai umeanza vibaya. Kampuni ya ulinzi ilituhamisha sote kutoka Mussafah, Abu Dhabi, tukaja na timu yetu ya mpira wa ndani kama ilivyo, pamoja na nahodha Austine. Yeye tungeweza kumwacha. Leo tumefungwa tisa kwa moja katika ukumbi wa Al Twar. Mimi nilikaa benchi. Austine anasema nakimbia kama mtu aliyeangusha kitu. Nimeazimia: kabla ya mwezi kwisha, nahodha ni mimi, Gerishom.

Jambo moja. Tulipokuwa nje tukivaa viatu, mpira ulikuwa ukidunda ndani. Adib, mwangalizi wa ukumbi, alikuwa bado hajafungua mlango.

Jumapili, 5 Oktoba
Nimerudi mchana, peke yangu, kwa mazoezi ya siri. Adib alinifungulia akaenda kuswali. Ndani nikamkuta mtu akipiga chenga. Jezi nyekundu iliyopauka. Mpira ulisikika, miguu yake haikusikika. Anaitwa Nasifu, Mganda. Timu yake ilihamia mji mwingine, ikamwacha humu. Nilimpa pole. Moyoni nilifurahi: mfungaji wa bure, na atakuwa mtu wangu. Nikamwomba atuchezee. Akauliza nani atakaa humu badala yake. Nikasema hilo aniachie mimi. Sikuuliza maana yake. Mtu mwenye mipango mikubwa hasumbuliwi na vijambo vidogo.

Jumatano, 8 Oktoba
Monicah, anayesajili wachezaji wetu, ametaka picha ya Nasifu. Nilimpiga picha Jumapili mbele ya goli. Goli limetoka vizuri. Nasifu hayupo. Nimesema simu yangu ni mbovu. Monicah aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akauliza mbona kivuli kipo.

Ijumaa, 10 Oktoba
Tumeshinda nne kwa mbili. Yote manne ya Nasifu. Hakuna aliyeshangilia. Henry, kipa wa wapinzani, aligoma kurudi kipindi cha pili. Alisema yule mtu akipita karibu anasikia baridi kama ya friza iliyoachwa wazi. Austine alimpa Nasifu mkono wa pongezi, kisha akaenda kunawa, akarudi tena kunawa. Wivu.

Tulipotoka, Nasifu alifika mlangoni akasimama, kama aliyefika ukutani. Akanitazama.

"Uliahidi," alisema.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimepata dawa: Austine. Timu ibaki na Nasifu, ukumbi ubaki na Austine, kila mtu aridhike. Nilimwambia Austine kwamba Adib anamwita ndani. Akaingia. Mlango ukajifunga. Nikasikia mpira ukidunda, kisha mpira wa pili.

Hapo nikajiuliza: ningemwambia nini mke wa Austine, Damaris, ambaye akipiga simu kutoka Kisii lazima aulize kama nimekula? Niliuvuta mlango, nikaupiga mateke, nikaita jina la Austine mpaka sauti ikakauka. Ukafunguka wenyewe. Austine alitoka midomo imepauka. Ilimchukua muda kunitambua.

Kwenye basi la kurudi International City, mtaa tunaokaa, ndipo alipoongea.

"Amenikataa. Anasema anamsubiri aliyeahidi. Gerishom, ndugu yangu, usirudi mle."

Hakuuliza ni nani hasa aliyemwita. Niligeukia dirisha nikalia kidogo.

Ijumaa, 17 Oktoba
Austine amejiuzulu. Timu imehamia ukumbi mwingine, Qusais. Nahodha ni mimi.

Lakini leo jioni tunakutana na vinara wa ligi, na nahodha asiye na mfungaji atachekwa. Kwa hiyo nimekuja Al Twar kuongea na Nasifu kiungwana. Tumeelewana haraka: mimi nikae humu mechi moja tu, yeye akacheze. Alitabasamu kwa mara ya kwanza. Nikamvalisha kitambaa changu cha unahodha, aniwakilishe. Akapita mlangoni bila shida yoyote.

Nimempigia Monicah. Anasema halo, halo, kisha anakata. Adib alikuja kufagia, nikamsalimia, hakuitikia. Nilimfuata alipotoka. Mguu ulikataa kuvuka kizingiti.

Baridi inazidi, ila kuna utulivu mzuri wa kupanga mambo. Nasifu akirudi na ushindi, nitamwachia na mechi ijayo pia. Kwa sharti moja: ajue nahodha ni mimi.