Kimbunga na Banda la Sungura

Jumatatu, 3 Machi

Kimbunga kazimika mara tatu leo. Mara tatu! Gari la milango miwili, injini ya mashindano, kabureta mbili, limezaliwa mwaka mmoja na mke wangu (hili silitamki nyumbani). Anawaka vizuri, ananguruma, dakika kumi baadaye anakohoa, kisha kimya. Kwa kifupi, petroli haifiki kwenye injini. Swali ni nani anaizuia.

Mtaani wanamwita Sukuma. Wivu tu.

Na ninavyomtunza! Juzi Jumamosi niligundua mfuniko wa tangi una kitundu, hata sindano inapita kwa shida, harufu inatoka. Watengenezaji wazembe! Nikakiziba kwa gundi ya mabomba, nikapaka mara mbili. Shukrani yake ndiyo hii.

Ubaya ni kwamba jana, mezani kwa mama mkwe, nilifungua mdomo. Shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye kigari cheupe kinachonguruma kama friji, alisema bodi ya Kimbunga ingefaa kuwa banda la sungura wake. Sungura! Nikasimama. Nikatangaza kwamba Jumapili ijayo nitampandisha mama mkwe toka kituo cha basi hadi kwake juu kilimani, bila Kimbunga kusukumwa na mtu. Nikishindwa, shemeji achukue gari, sungura wahamie. Nikishinda, ataliosha kwa mikono yake kila Jumatatu hadi mwaka uishe. Mama mkwe akakubali kuwa mwamuzi. Mke wangu akajifunika uso kwa kitambaa cha meza.

Siku sita. Nyingi mno kwa mtu mwenye akili.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Petroli ni chafu. Nimeitoa yote tangini, nimeichuja kwa chujio la chai, nimeirudisha. Saa nne nzima, mgongo hauna hamu.

Kimbunga akafika kwa kinyozi, akazimika. Nikafungua mfuniko kuhakikisha petroli ipo. Psssss! Ndefu hiyo! Anahema, maskini. Nikafunga, nikampiga teke gurudumu la kushoto, nikawasha. Akawaka papo hapo! Sasa najua mguu wangu wa kulia una dawa.

Jioni mke wangu kaonja chai, kisha kauliza chujio lilishinda wapi leo. Nimesema sijui. Kasema basi nisiwashe kiberiti karibu na mdomo wake.

Jumatano, 5 Machi

Gereji kwa Mama Spana. Huyu ni fundi wa miaka mingi, mikono myeusi, maneno machache. Ana utaratibu wake: kabla hajagusa chochote hufungua mfuniko wa tangi, hunusa, huuweka mezani. Kama daktari anavyokutaka utoe ulimi. Kisha kafunga geji ya kupima msukumo kwenye bomba la petroli, kawasha injini. Pampu ni nzima, haina kasoro. Kabadilisha filta hivyo hivyo, kwa kunihurumia. Injini ikanguruma saa nzima pale gereji, mfuniko ukiwa mezani, bila hata kikohozi kimoja. Mama Spana kasema gari halina ugonjwa, labda dereva. Mimi!

Nikafunga mfuniko, nikaondoka kwa hasira. Kwa kinyozi, kimya. Wateja wote wakatoka na sabuni mashavuni kuja kutazama. Nikafungua mfuniko, psssss, nikafunga, teke, akawaka. Wakanipigia makofi. Nimeinamisha kichwa kidogo, kwa unyenyekevu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewaza usiku kucha na sasa nimeelewa. Gari ni zima kwa fundi, gonjwa kwangu. Basi kuna mkono wa mtu! Kikulacho ki nguoni mwako. Nani ana sungura wasio na banda?

Alfajiri nimenyunyiza unga wa ngano kuzunguka gari lote, ili nyayo za shemeji zionekane. Saa moja nimekuta nyayo. Za paka. Na za mtu mwenye kandambili iliyopasuka kisigino, mwovu kabisa huyo, kazunguka gari mara tano. Nimemwita mke wangu aje ashuhudie. Kaitazama miguu yangu. Kaniomba nivue kandambili ya kulia. Kisha kauliza unga wa mikate uko wapi.

Hata hivyo shemeji simwamini.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kapita kwetu na futi ya fundi cherehani. Kapima siti ya nyuma. Kasema kwa upole kwamba sungura mama atakaa upande wa dirisha. Nimecheka kwa sauti kubwa sana, kisha nimeingia bafuni nikalia kidogo. Gari hili ndilo kitu pekee nilichowahi kukitaka na kukipata. Mke sihesabu, yeye ndiye aliyenitaka.

Jumamosi, 8 Machi

Nguvu! Dawa ya petroli isiyofika ni nguvu! Pampu moja haitoshi, nimefunga ya pili. Nimefunga mwenyewe, Mama Spana alikataa, eti hatibu gari zima. Sasa zinavuta mbili kwa pamoja. Kimbunga kapaa! Kinyozi tukampita kama mshale! Kinyozi mwenyewe kapunga taulo!

Nilipofika sokoni, BUUM! Chini ya siti ya nyuma. Nimeruka nje nikijua shemeji karusha jiwe. Hakuna mtu. Nimechungulia uvunguni: tangi limebonyea, limeingiza tumbo ndani kama mtu anayejaribu suruali ya ujana wake. Ajabu. Chuma cha siku hizi hakina uvumilivu.

Mfuniko, psssss, mateke mawili leo. Kawaka.

Jumapili, 9 Machi

Siku yenyewe. Mama mkwe kakaa mbele, mkoba mapajani. Mke wangu kakaa nyuma, karibu na dirisha la sungura mama. Shemeji nyuma yetu na kigari chake, tundu la sungura juu ya paa. Kaleta na karoti!

Tumepanda vizuri. Kona ya kwanza, ya pili. Nikaanza kuimba. Kona ya tatu kikohozi, kisha kimya. Nikavuta breki ya mkono, moyo ukaniporomoka hadi kwenye kandambili. Shemeji kashuka, keshaanza kukunja mikono ya shati asukume. Nikafungua mfuniko kama kawaida. Psssss.

Mama mkwe kauliza hiyo ni sauti ya nini. Nikamweleza kuhusu kuhema. Kashuka. Huyu mama kauza mafuta ya kupikia kwa vipimo miaka thelathini. Kauchukua mfuniko, kaugeuza, kauliza nani kaziba hapa. Nikasema mimi, kwa usalama wa familia. Kasema kopo la mafuta hutobolewa matundu mawili, moja mafuta yatoke, jingine hewa iingie, na hilo hata sungura analijua. Kachomoa pini kichwani, kang'oa gundi yangu, tabaka zote mbili.

Kimbunga kawaka. Bila teke! Tumefika kileleni tukinguruma, mbwa wa kilimani wote wakakimbia!

Shemeji kadai gari lilisimama. Mwamuzi kasema makubaliano yalikuwa bila kusukumwa, na hajaona aliyesukuma. Nilimbusu mkono. Nilimbusu na shemeji, hakupenda. Mama mkwe kaongeza sharti moja tu: akilikuta tundu lile limezibwa tena, hata mara moja, gari ni la sungura. Nimeapa mbele ya wote.

Jumatatu, 10 Machi

Raha iliyoje! Nimekaa kivulini, shemeji anaosha. Kaosha kwa moyo safi, sikutegemea. Hata ushauri kanipa. Kaniuliza kwa upole kama sioni hatari ya maji ya sabuni kuingia tangini kupitia kile kitundu. Kweli kabisa! Na kesho mvua inatajwa! Mama mkwe ni mtu wa mafuta ya kupikia, mambo ya mvua hayajui. Kuna tofauti kubwa kati ya kuziba na kukinga.

Gundi ilikuwa imeisha. Shemeji, kwa bahati nzuri, alikuwa na tyubu mpya mfukoni. Kanishikia mfuniko mwenyewe nikipaka. Mara tatu safari hii.

Mtu hubadilika jamani. Tumekubaliana kesho anisindikize kwa mama yake. Kasema atakuja na tundu la sungura, endapo nitahitaji mahali pa kuwekea spana.