Aliyeitikia Mwisho

Kwa furaha isiyo kifani, Kampuni yetu ya Kukodisha Magari inautangazia umma kwamba kwa mwaka mzima uliopita haikupokea lalamiko hata moja. Wapo walioleta malalamiko, hilo hatukatai. Lakini kuleta ni kazi ya mteja, kupokea ni kazi yetu, na sisi hatukupokea. Nasema kwa mamlaka, maana mimi ni Afisa Msaidizi wa Furaha ya Mteja. Niliajiriwa nikiwa na shahada mpya na moyo mweupe. Ninavyo vyote viwili hadi leo, ingawa shahada ndiyo iliyohifadhika zaidi.

Siri ya mafanikio hayo ni Mwongozo wa Salamu, uliobuniwa na Mkurugenzi mwenyewe: afisa wa mwisho kuitikia salamu ya mteja ndiye mwenye mteja huyo, na lazima amtimizie haki yake kwa chochote alicho nacho. Umetiwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani, chini ya kiyoyozi kibovu. Nia ilikuwa kila mteja apate mtu wake. Matokeo yakapita nia: ofisi ikawa tulivu kama maktaba. Mteja akiingia na "Habari za leo?", Dada wa Mapokezi huinama kufunga kamba za viatu, naye huvaa ndala. Fundi Mkuu hushusha kofia usoni. Wale wa mikataba, ambao kabla hujasaini walikuita bosi, mjomba, hata shemeji, huwa viziwi wino ukikauka tu.

Wiki yangu ya kwanza sikuwa nimeusoma. Akaingia mama mmoja mwenye mvi, mkunga, mkoba wa kazi begani, jasho linamchuruzika.

"Hamjambo humu?"

"Hatujambo, mama! Karibu sana!" nikasema.

Ofisi nzima ikashusha pumzi. Dada wa Mapokezi akanitazama kama kuku aliyejipeleka jikoni mwenyewe.

"Pole, mdogo wangu," akaninong'oneza. "Huyo sasa ni wako."

Mkunga akatua mkoba wake mezani kwangu. "Mwanangu, gari mlilonikodisha halina rivasi."

"Halina kabisa?"

"Linakwenda mbele tu. Juzi nimeingia nalo kichochoroni, mzazi ana uchungu, likagota ukutani. Mume, shemeji na baba mkwe wako nje wanasukuma gari. Mimi niko ndani namwambia mwenzao asukume mtoto. Nyumba nzima inasukuma! Sasa nina mama wa mapacha, anakaa kichochoro kilekile, na leo au kesho atashikwa na uchungu. Mmoja amekaa vibaya, lazima nimkimbize hospitali. Mkataba wenu unasema gari likiharibika mnanipa jingine siku hiyohiyo. Nipeni basi."

Nilikwenda kwa Fundi Mkuu. Akaongea bila kuinua kofia.

"Nani kaitikia?"

"Mimi."

"Basi litengeneze."

"Kaka, mimi nilisomea sosholojia."

"Vizuri. Kaliliwaze."

Nikampigia Mkurugenzi ghorofani, ambako hupanda kwa ngazi za nyuma ili asikutane na salamu. Alinisikiliza kwa subira ya kiongozi.

"Kijana, kaulimbiu yetu ni ipi?"

"Mbele Daima, mzee."

"Basi hilo ndilo gari letu pekee linaloitekeleza. Mpongeze mteja."

Nilimpongeza. Ninaona aibu kusema alivyonitazama. Nikamwambia ukweli wote: magari yote yametoka, uani limebaki la Mkurugenzi peke yake, na katika jengo hili hakuna anayeitikia salamu, kwa sababu ya mwongozo ule ukutani, ambao nilikuwa nimetoka kuusoma. Mkunga akachungulia dirishani. Gari lile jeusi lilikuwa limejilaza kivulini kama paka aliyeshiba. Akausoma mwongozo ukutani, polepole, midomo ikitembea.

"Na huyo mkubwa wenu, anapenda heshima?"

"Mama, mlinzi alimwambia 'mambo vipi', akahamishiwa bohari."

"Ahaa," akasema, akaketi.

Alasiri Mkurugenzi alishuka kwa ngazi za mbele. Alikuja mpiga picha kumpiga akiwa ameshika Tuzo ya Huduma Bora, ambayo kampuni ilikuwa imejitunuku. Tukapangwa nyuma yake, tukitabasamu midomo ikiwa imefungwa, kwa usalama. Hapo mkunga akainuka. Mtu wa umri wa kumzaa Mkurugenzi akapiga goti mbele yake, mbele ya kamera, na kusema kwa sauti nyembamba:

"Shikamoo, mzee."

Mtu mwingine angemwinua, angesema, "Hapana mama, shikamoo wewe." Mkurugenzi aliitazama kamera. Nikamwona anaumuka kama unga uliotiwa hamira.

"Marahaba!" akasema. Na kwa kuwa ilikuwa tamu, akaongeza, "Marahaba, binti yangu!"

Kisha Dada wa Mapokezi, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akatamka:

"Pole, mheshimiwa. Huyo sasa ni wako."

Mpiga picha akauliza kulikoni. Tukamwonyesha ukuta kwa vidole. Akausoma mwongozo kwa sauti, hadi "chochote alicho nacho", kisha akaupiga picha.

"Kijana," Mkurugenzi aliniambia, "ufafanue kitaalamu."

"Hauhitaji ufafanuzi, mzee. Umeuandika vizuri mno."

Mkunga alikwishainuka, kiganja wazi. "Ufunguo, mwanangu. Mapacha hawasubiri tuzo."

Akatoka uani kwa rivasi ndefu, tamu, isiyo na lazima yoyote. Usiku huohuo mapacha walizaliwa hospitali, wazima, na mama yao mzima.

Mkurugenzi alibaki na lile gari alilolirudisha mkunga. Kesho yake aliliegesha mahali pake pa siku zote, palipoandikwa "Mkurugenzi Tu", pua ikitazama ukuta. Jioni akataka kwenda nyumbani. Tulikuwa kibarazani tunafunga ofisi.

"Jioni njema, jamani!" akaita kutoka dirishani mwa gari.

Dada wa Mapokezi akainama kufunga kamba za ndala. Kofia ya Fundi Mkuu ikashuka.

"Vijana, hamjambo? Hamjambo huko?"

Mimi nina moyo mwepesi; mdomo wangu ulikwishafunguka. Lakini anayeendesha gari letu bovu ni mteja wetu, na mwongozo ni mwongozo. Nikaufunga.

Kwa hiyo narudia mbele ya umma, kwa fahari ileile: hadi tunatoa tangazo hili, hatujapokea lalamiko lolote.