Shada Lisilo na Ua Hata Moja

Jumatatu, 9 Februari

Siku ya Wapendanao ni Jumamosi. Mfukoni hali tete. Reginald anafanya kazi shamba la maua kule Usa, kila jioni anarudi na waridi mkononi kama mtu aliyetumwa mchicha. Mimi nauza makava ya simu Kimandolu. Nani atampelekea Hanna kava?

Hanna ni fundi cherehani, kibanda chake kimegusana na changu. Bado amenuna. Nilimuuzia kava lisilo la simu yake, nikalisukuma kidogo, kioo kikapasuka. Bahati mbaya tu! Leo kasema, bila kuniangalia, kwamba mwanaume mwenye nia afike kwao Akheri, baba amwone. Wengine wanaishia kupiga stori kibandani. Wengine! Bila shaka alimsema Reginald.

Na Reginald hawezi kufika. Hapo ndipo nacheka peke yangu. Mzee Elieshi, baba yake Hanna, na Mzee Gadiel, baba yake Reginald, wamepakana mashamba na hawasalimiani tangu walipogombania mparachichi ulioota mpakani. Hata kanisani, mmoja akikaa kulia, mwingine kushoto. Reginald akikanyaga ua ule anaondoka na mbwa kwenye suruali. Njia nyeupe!

Mpango: shada la kutundika mlangoni kwao. Nimeliona kwenye simu, Wazungu wanatundika. Waya, maua, utepe, basi. Karibu bure.

Jumanne, 10 Februari

Waya: nimenyoosha henga ya Mama Bariki, mwenye nyumba wangu. Joho lake la kwaya nimelilaza kwenye kiti. Utepe: vipande vya kitenge chini ya cherehani ya Hanna. Akauliza vya nini. Nikasema vya kufutia vioo vya simu. Akauliza nimeanza lini kujali vioo.

Maua: meupe, kutoka uzio wa watu. Nimetundika shada mlangoni kwangu usiku huu lipate hewa. Safi sana!

Jumatano, 11 Februari

Balaa! Nimeamka nikakuta viatu vimejaa barazani. Mtaa mzima umekuja kunipa pole. Mama Bariki kishabandika sufuria la chai, anauliza marehemu ni nani na maziko lini. Nikasema hakuna aliyekufa. Walikasirika kana kwamba nimewadhulumu! Kisha Mama Bariki akaitambua henga yake. Yaliyofuata siandiki.

Lakini akili imekuja. Shada la maua ni la msiba. Basi nitengeneze la majani matupu! Eliya, kichwa unacho.

Alhamisi, 12 Februari

Nimepanda Akheri kupeleleza. Baridi, migomba, kahawa, baridi tena. Mpakani mwa shamba la Mzee Elieshi kuna majani marefu ya kijani, yanang'aa, yamesimama mstari mzima na hayana mlinzi. Mimi mtoto wa stendi ya Singida, majani ninayoyajua ni ya chai. Nikakata, nikajaza kwapa.

Mama mmoja aliyejitwisha majani ya ng'ombe akasimama, akauliza nimemkosea nani. Nikamwambia shikamoo, sijamkosea mtu. Akatikisa kichwa akaenda zake. Watu wa mlimani wana maswali!

Ijumaa, 13 Februari

Limekamilika, utepe uleule wa kitenge. Halijakaa duara sawasawa, lakini mapenzi nayo hayajanyooka. Kadi nimekata boksi la chaja. Kwa sababu ya kile kioo nimeandika: Yaliyopita si ndwele. Unajua ni nani. Jina sijaweka, wanawake wanapenda fumbo. Chini nimechora moyo. Kalamu nyekundu imekauka, nimetumia ya kijani. Umenenepa upande wa chini. Unapendeza hivyohivyo.

Jumamosi, 14 Februari

Alfajiri nimetundika, nikakimbia. Alasiri nikarudi na koti la kuazima, kudai changu.

Uani watu tele. Mbuzi kachinjwa. Nikadhani ni kwa ajili yangu! Kumbe Mzee Elieshi na Mzee Gadiel wameshikana mikono kama watoto wa darasa la kwanza, wanalia. Na Reginald, Reginald huyohuyo, kakalia kiti cha sebuleni, ndoo ya waridi miguuni, mbwa kamlalia kiatu!

Nikamvuta Hanna pembeni. Akanieleza kwa upole, na upole wa Hanna unatisha. Yale majani ni masale. Huku ukimpelekea mtu sale unamwomba msamaha, na sale halikataliwi. Baba yake alifungua mlango, akaona masale, akasoma kadi, akaona limechorwa parachichi. Parachichi! Akajua ni Gadiel. Akabeba shada, akavuka mpaka. Mzee Gadiel akamwona anakuja na masale, akajua Elieshi ndiye anayeomba. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Wakakumbatiana palepale kwenye kahawa.

Nikasema nakwenda kuwaambia ukweli. Hanna akasema vitambaa vyake alivitambua alfajiri ileile, akanyamaza, kwa kuwa yeye na Reginald wamepitisha miaka wakiiombea siku hii kwa siri. Kwa siri! Na mimi nipo kibanda cha pili! Akasema asante, kaka Eliya.

Kaka.

Nimekunywa supu ya mbuzi na uchungu wangu. Ilikolea chumvi vizuri, lazima niseme.

Jumapili, 15 Februari

Sikulala. Baada ya ibada nikamfuata Mzee Elieshi, nikamwaga yote. Shada ni langu! Moyo ni wangu! Parachichi hakuna! Akamwita Mzee Gadiel. Nikatafuta kwa macho njia ya kukimbilia.

Wakanikumbatia wote wawili. Mzee Gadiel akasema Mungu aliwahi kumtumia punda wa Balaamu, seuze mimi. Wakakubaliana kwamba aliyewapatanisha ndiye anayefaa kuwa mshenga. Posa ya Reginald nitaipeleka mimi. Mimi! Hanna alicheka hadi akakaa chini.

Imeniuma. Kweli imeniuma. Nilimpenda tangu siku aliponishonea mfuko uliotoboka na asinicheke.

Jumanne, 17 Februari

Nimefikiri upya. Mshenga! Mshenga anaingia nyumba ile saa yoyote, anakaribishwa, anapewa loshoro ya mahindi na maziwa mgando, anakaa na binti akimpelekea salamu. Wamemkabidhi fisi bucha! Posa ni baada ya Pasaka. Hanna ana muda wa kutosha kubadili mawazo.

Nimeanza shada la pili. Safari hii si maua, si masale. Mtu anajifunza. Leo njia ya Momela nimekuta mmea unaotambaa, umejaa maganda ya kahawia yenye manyoya laini, jua likipiga yanang'aa kama dhahabu. Yamening'inia tele, hata watoto hawajayagusa! Wapita njia wakanipigia kelele na kunipungia mikono yote miwili. Nikawapungia. Nimejaza begi, yaliyobaki nimeyatia ndani ya shati.

Shingo inaniwasha kidogo. Na kifua. Mbu wa Momela hawana adabu.