Kadi ya Picha Yenye Feni Tatu

Jumatatu, 3 Juni

Kompyuta imeganda tena. Bwana harusi amefungua mdomo kusema ndiyo, na yuko hivyo hivyo tangu asubuhi, kama mtu aliyesahauliwa na daktari wa meno. Mpwa wangu, ambaye ndiye bibi harusi, amegeuka viboksi vya kijani.

Dada amepiga simu. Hakunisalimia hata. Kasema Jumamosi Mama anakuja kwake kuitazama harusi ya mjukuu wake, kwa kuwa siku yenyewe alikuwa kitandani na mguu uliovunjika. Nimemjibu kwamba tatizo ni kompyuta. Akasema mwezi uliopita tatizo lilikuwa joto. Mwisho akatamka lile nililokuwa naliogopa: video isipokuwa tayari, kila kitu kiende kwa Shemeji akimalizie.

Shemeji! Kaka wa mke wangu. Mchana karani wa bima, jioni anahariri video, eti kwa kujifurahisha. Hakuna binadamu anayejifurahisha kwa bidii namna ile. Mimi nimefungua studio kamili hapa sebuleni, nina kibao mlangoni, halafu kazi ya damu yangu apewe mtu wa bima!

Nimeuliza mtandaoni: kadi gani ya picha ya bei nafuu inafaa kuhariri video nyumbani? Maana nimeelewa kwamba hicho ndicho kinachokosekana. Kadi ya picha ndiyo inayobeba mzigo wa video ndani ya kompyuta, na yangu haina. Wamenijibu watu chungu nzima na wote wametaja kadi moja ileile. Wote! Watu wasiojuana hawawezi kukubaliana hivyo. Wamepangwa.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda duka la kompyuta. Muuzaji ni yule ninayemwita Tabasamu, kwa sababu meno yake hayafungi kazi.

Kabla sijagusa kitu akaniuliza natumia programu gani, kasha la kompyuta yangu lina ukubwa gani, na pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani yake, ina nguvu kiasi gani. Maswali matatu kuhusu nyumba yangu! Nikampa majibu ya uongo yote. Nikasema kazi yangu ni kupanga picha za maua.

Akasema kwa maua sihitaji kadi kabisa, nirudi nyumbani nisipoteze hela.

Mfanyabiashara gani anafukuza mteja? Nikatoka nimejawa na mashaka. Nikajibanza nyuma ya gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara. Sikukaa sana. Nani akaingia? Shemeji! Wakapeana mikono, wakacheka. Shemeji akanunua kitu kidogo akakitia mfukoni.

Mwenye gari alikuwa ndani ya gari muda wote. Aliniuliza kama nimepotea. Nikamwambia ninakagua matairi.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kwa Shemeji kufanya upelelezi. Kisingizio: kuazima ngazi.

Amenikaribisha kwa furaha iliyopitiliza. Kompyuta yake ina ubavu wa kioo, unaona kila kitu. Kadi yake ya picha ni kijitu kifupi chenye feni moja, kama kipande cha sabuni ya kufulia. Nikauliza kwa mbali, kama mtu anayeulizia hali ya hewa. Akanieleza yote papo hapo: kadi ni ya bei nafuu, memori yake inatosha video za harusi, haili umeme mwingi, inaingia kwenye kasha lolote. Nisinunue kubwa, kwa kompyuta kama yangu itakuwa hasara. Akajitolea kunisindikiza dukani.

Nilikaa kwenye kiti chake nikiwaza. Mtu hatoi siri yake haraka hivyo. Halafu kadi aliyoitaja ni ileile ya mtandaoni! Sasa kila kitu kimejipanga. Wale wa mtandaoni ni yeye. Tabasamu ni mtu wake. Ile yenye feni moja ameiweka kwenye kioo makusudi niione. Basi ninachotakiwa kununua ni kinyume chake: ndefu, nzito, feni nyingi.

Nimerudi na ngazi. Mke wangu kauliza ya nini. Nikasema nataka kutazama dari. Akasema vizuri, basi nibadilishe balbu ya korido, nifunge pazia la chumbani, na nishushe masanduku yote ya juu ya kabati. Nimemaliza jioni. Mgongo wote unauma. Hilo nalo naliandika kwenye hesabu ya Shemeji.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi!

Nimempata muuzaji wangu mwenyewe, nje ya mtandao wao. Anauzia kwenye buti la gari, kwenye uwanja wa maegesho nyuma ya benki. Hakutabasamu. Hakuuliza swali hata moja. Alikuwa anatazama kushoto na kulia na injini hakuizima. Hatimaye mtu mkweli! Kadi yenyewe ina feni tatu, urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Kasema ilikuwa ya shangazi yake, alikuwa anaandikia barua za kanisani. Nikainusa. Ina harufu ya mafuta yaliyoungua. Shangazi atakuwa anapenda kupika.

Nimeibadilisha na kamera yangu ya akiba pamoja na stendi. Alikubali mara moja, hata kabla sijamaliza sentensi. Nimemzidi akili.

Baadaye, mchana.

Kadi haiingii. Kasha linaishia, kadi inaendelea. Nimekata bati la mbele kwa mkasi wa fundi bati wa jirani. Sasa feni ya tatu imechungulia nje kama ulimi. Inapendeza.

Kadi inataka nyaya mbili za umeme, pawa saplai inao mmoja. Hila za watengenezaji hizo! Nikachukua waya wa redio mbovu nikaunganisha. Nikabonyeza.

Mlio mmoja mkavu. Pa! Harufu. Kisha kimya cha nyumba nzima, hata friji.

Mke wangu alikuwa anapiga pasi nguo yake ya kazini. Akaja na nguo imenyooka mkono mmoja, wa pili bado. Hakugomba. Alitazama kompyuta, akatazama ule ulimi wa feni, akatazama waya wa redio. Akaniuliza, taratibu kabisa, kama harusi ya mtoto imo humo ndani.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Imo humo humo tu, hakuna kwingine. Nimekaa sakafuni. 

Ijumaa, 7 Juni

Nimeamka nikakuta sauti ya kiume sebuleni. Mke wangu amempigia kaka yake bila kunishirikisha. Usaliti umeingia mpaka chumbani.

Shemeji alikuwa amepiga magoti mbele ya kompyuta yangu, amekuja na pawa saplai ya zamani na bisibisi. Nikachukua gazeti nikakaa kumlinda. Aliniambia, shemeji, gazeti umelishika juu chini. Nikamwambia natazama picha.

Kumbe kilichokufa ni pawa saplai tu. Harusi ipo nzima. Nilipoiona ile folda kwenye skrini nilitaka kumkumbatia, nikajizuia kwa wakati.

Kisha akaichukua kadi yangu ya feni tatu. Akaigeuza. Akaondoa kifuniko. Akainamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika. Akaomba radhi kwa kucheka. Ndani, pale ambapo panatakiwa kuwa na kichwa chenyewe cha kadi, ile chipu, palikuwa na shimo jeusi. Walishakinyofoa zamani. Nilichonunua ni feni tatu na bati.

Nikasema nilijua, nilikuwa nafanya majaribio.

Akatoa mfukoni ile kadi fupi. Yake mwenyewe, ameichomoa kwenye kompyuta yake! Akaifunga. Akahamisha waya wa skrini kutoka tundu la zamani akauchomeka kwenye kadi, akanieleza kwamba watu wengi husahau hapo, wakaendelea kuilaumu kadi ya watu. Akaingia kwenye programu ya kuhariri akaiambia itumie kadi mpya. Bwana harusi akafunga mdomo! Mke wangu alipoleta chai, video nzima ilikuwa tayari.

Anataka nini mtu huyu? Hajataka hela. Hajataka hata sukari ya pili. Aliomba kitu kimoja tu: aitazame video kidogo. Aha! Nikamkatalia katakata. Haionekani kwa mtu mpaka Jumamosi. Mimi mwenyewe sijaikagua, nimeikata haraka haraka ili kompyuta isigande.

Jumamosi, 8 Juni

Nyumbani kwa Dada. Mama kwenye kochi kubwa, mguu juu ya stuli. Mpwa wangu na mumewe wamekaa chini pembeni yake. Mke wangu, Shemeji, Dada. Nimesimama kando ya runinga kama msanii.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Maua. Milango. Kisha akatokea Shemeji, kwa nyuma, ameshika kamera yake. Kisha Shemeji kwa ubavu. Shemeji anainama. Shemeji anakunywa soda. Shemeji anahamisha stendi, kwa muda mrefu sana.

Nikakumbuka. Siku ile ya harusi nilikuwa nina hakika ananiibia sehemu nzuri za kusimama, kwa hiyo nilikuwa nakusanya ushahidi.

 Mama akasogeza miwani.

"Huyu bwana harusi mbona ana upara?"

"Huyo si mimi, Bibi," mume wa mpwa wangu akasema. "Mimi niko kule nyuma, nimekatwa kichwa."

"Basi huyu ni nani tunayemwoza?"

Dada akaangua kicheko, akafuatia mke wangu, Shemeji akateleza kwenye kiti. Mama alicheka mpaka akashika mguu. Mimi nilikuwa natafuta rimoti, nizime, nihame mji.

Ndipo Mama akaacha kucheka. Akanyoosha kidole. Kwenye picha, Shemeji anafuta lenzi yake, na nyuma ya bega lake, mbali, kwenye ngazi, mpwa wangu amekaa peke yake ndani ya shela. Ana simu sikioni. Analia na anacheka kwa pamoja. Hakuna mtu mwingine karibu.

"Hapo alikuwa anaongea na mimi," Mama akasema. "Nilikuwa namwambia asiikunjekunje, nguo ya watu hiyo."

Mpwa wangu akaweka kichwa kwenye goti zima la bibi yake. Akasema hakujua kama kuna mtu aliyemwona. Mama akaomba irudishwe. Nikairudisha. Akaomba tena. Dada alikuwa anapangusa macho na mto wa kochi. Shemeji akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hana kipande hicho, hakuna aliyenacho ila mimi.

Mama akanivuta sikio, kama zamani, akasema nimefanya vizuri.  Nilikwenda jikoni nikanywa maji glasi nzima, nikarudi.

Jumapili, 9 Juni

Siku nzuri. Nimeamka sina kinyongo na mtu yeyote. Nimekaa mbele ya kompyuta, inakwenda kama maji. Nimeamua kwamba mashaka ni ugonjwa, na mimi nimepona.

Shemeji amepiga simu. Kasema kadi nibaki nayo, atanunua nyingine, ni zawadi. Nikashukuru kwa moyo wote. Akasema jambo moja tu: kompyuta sasa iko sawa, nisiifungue.

Nikasema sawa. Tukaagana vizuri.

Nimekunywa chai.

Nisiifungue.

Kwa nini nisiifungue? Kompyuta ni yangu, kasha ni langu. Mtu hamkatazi mwenzake kutazama mahali pasipo na kitu. Na kwa nini anipe kadi bure, halafu aitake ikae nyumbani kwangu, imeelekezwa kwenye kiti changu, mchana kutwa?

Mke wangu amekwenda kumtembelea rafiki yake. Nimefunga mlango na komeo. Kompyuta nimeiacha inawaka, ili nikikamate kilichomo kikiwa kazini. Skrubu zote zimetoka. Kifuniko hiki hapa.

Kumbe! Kule ndani, pembeni ya feni, kuna kijitaa cha kijani. Kinanikonyeza. Kinazima, kinakonyeza tena.

Kamera! Nilijua tu.

Naingiza koleo.