Nyumba Yenye Bafu Lake

Siku Funguo alipoliona geti la bluu, alikuwa katikati ya kumdanganya mtu mwingine, na kazi ilikuwa inakwenda vizuri.

Funguo alikuwa dalali wa nyumba. Jina alilipata kwa sababu ya kishada cha funguo kilichoning'inia kiunoni mwake, zaidi ya ishirini, zikilia kila alipopiga hatua. Ukimwona ungeapa kwamba nusu ya mji inalala chini ya mkanda wake. Nyingi alikuwa ameziokota. Nyingine zilikuwa za makufuli yaliyokufa zamani. Uliokuwa hai ulikuwa mmoja tu, wa chumba chake mwenyewe. Lakini anayetafuta nyumba haulizi ufunguo unafungua nini. Baada ya wiki mbili za jua na visigino vya viatu kuisha, mtu huyo ni mgonjwa, na mgonjwa humwamini yeyote aliyevaa koti.

Mgonjwa wa siku hiyo alikuwa mwalimu mmoja aliyeoa juzijuzi. Funguo alimsimamisha katikati ya sebule yenye dari ya madoa, akamwacha azungushe macho. Mwalimu alikuwa ameanza kukunja pua pale mlango uliposukumwa. Akaingia mwanamke wa makamo, futi kamba shingoni, penseli sikioni. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akapima urefu, akapima upana, akaandika kiganjani.

"Samahani dada," mwalimu akasema. "Wewe nani?"

"Fundi mapazia. Nimetumwa na mama anayehamia kesho."

"Anayehamia? Dalali, si umeniambia haina mtu?"

Funguo akajishika kichwa kama aliyefiwa. "Mwalimu, ndugu yangu, mimi tangu asubuhi nakupigania! Yule mama hajalipa, ana maneno tu. Wewe una nini mfukoni?"

Mwalimu akalipa palepale, amesimama chini ya doa lenye umbo la ng'ombe. Ndivyo binadamu tulivyo. Mtu atakataa nyumba kwa sababu ya doa, lakini mwambie kuna mwenzake anayelitaka doa hilohilo, atalinunua kwa mkupuo.

Mwanamke huyo mtaani walimwita Dada Futi. Alikuwa fundi mapazia kweli, mwenye cherehani yake, ila Funguo alimtumia katika maigizo hayo, na huu ulikuwa mwaka wa pili. Malipo yake yalikuwa hayahaya: "Kesho, dada yangu. Kesho nakutoa." Alikuwa amepima madirisha ya nusu ya mji, na yeye mwenyewe alilala nyuma ya cherehani, katika kibanda kisicho na dirisha hata moja.

Walipotoka ndipo Funguo akaliona geti, rangi haijakauka vizuri, na karatasi imebandikwa: NYUMBA INAPANGISHWA. VYUMBA VIWILI. BAFU NDANI. MADALALI MARUFUKU.

Akayasoma maneno "bafu ndani" mara tatu.

Miezi miwili iliyopita mkewe alifunga mabegi akarudi kwa mama yake. Walikuwa wakikaa chumba kimoja, bafu wanachangia na kaya nane, na kila alfajiri mkewe alisimama kwenye foleni na ndoo yake, taulo begani, akimsikiliza mwanamume wa chumba cha tano akiimba ndani bila haraka. Alikuwa msusi, mikono yake ilikuwa inamlisha bila msaada wa mtu. "Umeuhamisha mji mzima," alimwambia Funguo akivuta zipu, "mimi umeshindwa kunisogeza hatua kumi. Nitarudi siku nitakapoingia kwenye nyumba yenye bafu lake. Na usiniletee maneno ya wateja. Mimi nafungua bomba kwanza."

Funguo aliweza kumdanganya askari mwenye njaa, lakini mkewe hakuweza, kwa sababu alimpenda, na hakuna tapeli anayejua la kufanya na kitu kama hicho. Nyumba ile ilibidi aipate. Kuilipia bei yake kamili, hata hivyo, kungekuwa kuivunjia heshima kazi yake.

Mwenye nyumba, aliyekaa nyumba ya jirani, alikuwa mstaafu wa ofisi ya mihuri, na tabia za muhuri alikuwa hajaziacha. Alimhoji mpangaji kama anayemposa binti yake. Unaoga mara ngapi? Unacheka kwa sauti? Unakaanga vitu? Mgeni akikosea kusifu vigae, kodi inapanda akiwa bado amesimama juu yake.

"Mchezo ni uleule," Funguo akamwambia Dada Futi, "ila tunaugeuza miguu juu. Kila siku tunaigombea nyumba. Hii tunaikimbia."

"Na ikishakimbiwa?"

"Inashuka bei. Halafu wewe unakwenda kuipanga."

"Mimi?"

"Si umeona bango? Mimi ni marufuku. Mkataba jina lako, hela yangu. Ukishapewa ufunguo unaniletea, naingia na mke wangu kimyakimya."

"Mzee akiuliza?"

"Ni shemeji zako, wametoka mbali. Mzee gani anafukuza shemeji?"

Wa kwanza kupelekwa alikuwa mwashi mmoja asiye na kazi. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akavuta pumzi ndefu, akatoka bila kusema neno. Mstaafu alimkimbilia hadi barabarani na kandambili mguu mmoja.

"Umesikia nini, fundi?"

"Acha tu, mzee wangu. Una wajukuu?"

"Ninao."

"Usiwalaze upande ule."

Siku ya tatu wakaja maharusi wa kukodi. Bibi harusi alisimama mlangoni, akaziba pua. "Hii harufu ya nini?"

"Harufu ipi?" mstaafu akauliza.

"Aa. Kama umeshaizoea, basi."

Wateja wa kweli, kila walipokata kona, walimkuta Funguo ameegemea nguzo, akiwapa pole: nyumba ile imekwenda jana, tena kwa mtu mpenda kesi. Wiki mbili zikapita. Mstaafu akaanza kuamka na kunusa kuta zake mwenyewe. Kodi ikashuka robo. Kisha ikashuka nusu, na mtu aliyekuwa akiuliza habari za kukaanga sasa alikuwa anasimama getini akiwasalimu wapita njia.

Funguo akamkabidhi Dada Futi kodi ya miezi sita, imefungwa kwenye gazeti. "Dada, nakuamini," akasema. Neno hilo alikuwa amelitumia kwa watu wengi, lakini kulimaanisha ilikuwa mara yake ya kwanza, na lilitoka na kigugumizi.

"Na mimi fungu langu?"

"Kesho, dada yangu."

Dada Futi alimtazama kama anavyotazama dirisha kabla ya kukata kitambaa. "Haya, kaka," akasema.

Mbele ya mstaafu hakuigiza chochote. Alizunguka vyumba vyote viwili, akafungua kila dirisha, akalifunga, akalifungua tena.

"Husikii... harufu yoyote?" mzee akauliza kwa sauti ndogo.

"Nasikia rangi mpya, mzee. Nyumba safi."

Mzee nusura amkumbatie. Alisaini kurasa zote, akagonga muhuri aliokuwa ameuficha tangu kazini, na hata kuoga hakuuliza.

Jioni hiyo, Dada Futi alipomaliza kumweleza bafu kwa simu, Funguo alimpigia mkewe. "Vigae mpaka dirishani," akasema. "Maji yanatoka kama yametumwa. Bomba la juu, la chini, na kindoano cha taulo nyuma ya mlango. Njoo Jumamosi."

"Funguo, ukinidanganya..."

"Njoo ufungue bomba."

Jumamosi akakodi mkokoteni, akapakia kitanda, kabati na magodoro, akagonga geti la bluu huku akipiga mluzi. Dada Futi akafungua, nywele zinachuruzika maji. Nyuma yake, kila dirisha lilikuwa na pazia la kijani.

"Ee, umeshaning'iniza na mapazia!" Funguo akacheka. "Haya, leta ufunguo."

"Ufunguo wa nini?"

"Usinitanie, mama. Mke wangu yuko njiani."

"Karibu sana aje. Lakini mkataba una jina langu, kaka. Miaka miwili umenilipa kesho. Leo ndiyo kesho."

"Hela ni yangu! Nitamwambia mzee!"

"Mwambie. Anza na yule mwashi. Halafu maharusi. Halafu wale wateja uliokuwa unawageuza pale kwenye nguzo. Ukimaliza atatutoa wote, na nyumba atairudisha bei ya zamani."

Hapo mkewe akashuka kwenye bodaboda na mabegi mawili. Alimwangalia mumewe, akamwangalia mwanamke mwenye nywele mbichi, akaweka begi chini.

"Huyu nani?"

"Mpangaji," Dada Futi akajibu, na hapohapo getini akamsimulia yote, bila chumvi, kwa sababu kisa chenyewe kilikuwa na chumvi ya kutosha. Mke akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akapita katikati yao, akaingia ndani. Wakasikia mlango wa bafu. Wakasikia maji yakitoka, kwa muda mrefu, mpaka mwenye mkokoteni akaanza kuulizia muda wake.

Alipotoka, mikono yake ilikuwa imelowa.

"Chumba cha pili kina mtu?"

"Hakina," Dada Futi akasema.

"Mimi nasuka. Nusu yangu nitalipa, wala hutanidai mara mbili."

"Mke wangu," Funguo akasema, "na mimi je?"

Kabla hajajibiwa, mlango wa nyumba ya jirani ukafunguka, mstaafu akatoka na kandambili zake. "Vurugu gani getini kwangu? Huyu mwanamume nani? Asije akawa dalali!"

Wanawake wote wawili wakamgeukia Funguo. Funguo akafungua mdomo. Ukweli wote ulikuwa pale ulimini, tayari, na kwa mara ya kwanza ungemfaa kumkomoa mtu. Akaona mikono ya mkewe, bado inadondosha maji kwenye saruji. Akaufunga mdomo, akaufungua upya.

"Hapana, mzee. Mimi ni wa mkokoteni."

Mwenye mkokoteni akataka kusema kitu, Dada Futi akamkanyaga.

"Sasa mnasubiri nini?" mzee akafoka. "Shusheni vitu vya watu mwende zenu."

Funguo akakinyanyua kitanda chake mwenyewe upande wa mbele, mwenye mkokoteni upande wa nyuma, wakapita sebuleni.

"Taratibu na kona," mkewe akasema nyuma yao. "Rangi bado mpya."

Walipopita mbele ya bafu mlango ulikuwa wazi. Vigae vilifika mpaka dirishani, na taulo lilikuwa limeshatundikwa kwenye kindoano. Miaka yote ya udalali, hiyo ndiyo nyumba pekee aliyoielezea kama ilivyo.