Mjukuu Wangu, Nafuu Yangu

Jumatatu, 27 Januari

Baridi ya kung'oa masikio. Vern, baba yake Curtis aliyemwoa binti yangu Krista, amenunua mashine ya kurusha theluji. Nyekundu. Ina taa mbele kama treni! Amepita nayo mbele ya nyumba yangu mara tatu. Eti anasalimia. Mimi na sepetu langu, miaka sabini na minne, nikampa mgongo.

Lakini kichwa hiki cha Reino Kaskela hakikuishia darasa la nane bure. Leo dukani nimesikia kwamba mwenye mtoto mchanga anapewa nafuu ya kodi. Dola elfu mbili! Hata mtoto akizaliwa mwisho wa mwaka, anahesabiwa mwaka mzima. Sasa tazama. Mjukuu wangu Aili alizaliwa Oktoba. Wiki hiyohiyo hita ya kupasha nyumba yao joto ikafa, wakahamia kwangu wote watatu. Krismasi ilipopita, fundi akaitia viraka, wakarudi kwao. Kwa hiyo mwaka jana mtoto hakuishi popote ila kwangu. Maziwa ya mama yake, sawa. Lakini kuni za nani?

Jumatano, 29 Januari

Maktaba. Kompyuta ni za bure. Kadi ya Aili yenye namba ya serikali ililetwa kwenye sanduku langu la barua, na namba mimi nazishika kuliko herufi. Kompyuta ina maswali mengi kuliko mchungaji. Nina mtegemezi? Ndiyo! Kwa kidole kimoja, bila miwani. Mwishowe ikaandika: marejesho, sifuri. Nikacheka. Bado inapiga hesabu, maskini. Nikabonyeza tuma.

Meza ya pili alikaa Lorraine Bessette, huwasaidia wazee kujaza kodi. Tulisoma darasa moja. Yeye alikuwa wa kwanza, mimi nilikuwa mrefu. Akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia akawasaidie wasiojua.

Nikapitia kwa Vern kumjulisha kwamba mashine yangu itakuwa na taa mbili.

Jumapili, 2 Februari

Wamekuja kunywa kahawa baada ya ibada. Aili amenikojolea shati la kanisani. Mtegemezi wangu!

Krista anasema hita imekufa tena, na safari hii haifufuki. Wanalala sebuleni wote, wamekizunguka kijihita cha umeme kama kuku. Lakini nisihofu, eti juzi ametuma fomu ya kodi, ile nafuu ya mtoto ikija wananunua mpya.

Nikakitua kikombe kando ya mkate wa iliki. Nikasema kahawa ni ya moto.

Alhamisi, 6 Februari

Fomu ya Krista imerudishwa! Namba ya mtoto imeshatumiwa na mtu mwingine. Krista hakuhitaji mpelelezi. Amekuja, gari linanguruma, wala hakuingia ndani. Curtis, ambaye husema neno moja kwa mwezi, leo kasema mengi: eti mzee, umemwibia mtu asiye hata na jino.

Nikajitetea kwamba mtoto alikaa kwangu wiki kumi na moja. Krista akajibu kwamba yeye alikaa kwangu miaka kumi na tisa, je, naye nimeshamdai? Akasema mpaka nifute nilichoandika, Aili simshiki. Hata kidole.

Aili alikuwa kiti cha nyuma, amevaa kofia niliyomnunulia mimi. Wakaondoka.

Nikafunga mlango kwa heshima yangu. Nikaosha chupa yake ya maziwa aliyoisahau. Ilikuwa safi tayari.

Jumamosi, 8 Februari

Maktaba tena, mezani kwa Lorraine. Nilimwambia ni rafiki yangu ndiye mwenye tatizo. Akauliza kama rafiki huyo naye anaitwa Reino.

Akasoma, akacheka mpaka msimamizi wa maktaba akamnyamazisha. Eti kwanza wazazi ndio wenye haki. Pili, nafuu hiyo hutazama mshahara wa kazi, nami nala pensheni tu. Hata ningeandika watoto kumi, jibu sifuri. Nikamweleza kwamba kompyuta ilikuwa bado inapiga hesabu. Akasema ilishamaliza, Reino, kama mwalimu alivyomalizana nawe.

Nikatia sahihi ya kufuta dai langu kila aliponionyesha. Krista atatuma upya kwa karatasi, maana kompyuta imeshaikataa namba, na pesa zitakuja theluji ikiyeyuka. Mpaka hapo, baridi.

Nikaenda kwao na pikapu. Samahani sikusema. Nilisema vyumba vipo na kuni ni kavu, jambo ambalo ni zaidi ya samahani. Krista akamvalisha Aili kofia. Kisha akanitia Aili mikononi, eti haya, mzee, beba deni lako.

Jumanne, 11 Februari

Nyumba imejaa tena! Krista kaenda kazini, mlezi ni mimi. Aili kalala kifuani pangu saa mbili nzima. Sikujikuna. Hakuna mlezi kama mimi katika jimbo hili.

Vern amekuja na mashine yake, akasafisha njia yangu yote bila kuombwa. Tusi lililoje!

Sasa. Jumamosi Lorraine aliropoka jambo. Anayelipwa kulea mtoto, hata akiwa babu, huo ni mshahara wa kazi. Mshahara! Krista akinilipa, nina mshahara. Nikiwa na mshahara, sifuri itatoka wapi? Na mtoto analala kwa nani? Hilo hata Lorraine hakuliona, pamoja na kuwa wa kwanza.

Nimeshaandika bili, nimeibandika kwenye friji: kulea, kuimba, kukojolewa mara mbili. Krista atarudi saa kumi na moja. Aili nimemweleza mpango wote, akanikamata kidole. Amekubali.

Namba yake bado ninayo kichwani.