Toba Kabla ya Mchujo

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amekuja. Amesikiliza moyo wangu kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akasema tuhesabu wiki, miezi tuiache. Nimemshukuru. Mkaguzi wa shule mstaafu habishani na takwimu.

Nimeamua kutubu. Si dhambi zote, muda hautoshi. Ile moja tu.

Naiandika hapa kwanza ili ulimi uizoee. Miaka arobaini na tano iliyopita tulikuwa vijana wawili wa taekwondo wa uzito mmoja, mimi na Nyundo. Nchi ilikuwa na nafasi moja ya mashindano ya bara. Nyundo alikuwa bora kuliko mimi. Hata mama yangu alilijua hilo, na alikuwa mama anayenipenda. Bwenini tuliwekewa mizani ya majaribio, pacha wa mizani rasmi, ili kila mtu ajipime mwenyewe kabla ya kupimwa. Asubuhi ile wenzangu wakiwa wanaoga, nilipiga magoti nikazungusha skrubu ya chini. Mizani ikaanza kusema uongo, ikipunguza nusu kilo. Nyundo akajipima, akaona ana nafasi, akanywa chai na vipande viwili vya mkate. Kwenye mizani rasmi akazidi gramu mia nne. Wakampa saa moja apunguze. Akakimbia juani amevaa koti la mvua, akarudi bado amezidi gramu mia. Nikaenda mimi. Nilipigwa pambano la kwanza, na mtu ambaye mpaka leo siwezi kulitamka jina lake. Tangu hapo mtaa mzima unaniita Mwakilishi.

Dhambi ndiyo hiyo. Kumwambia mwenyewe ni kazi ya dakika tano.

Ila Jumamosi mjukuu wangu wa kike ana mchujo wa taekwondo. Mpinzani wake ni msichana wanayemwita Sindano. Kocha wa Sindano ni Nyundo.

Nimeweka kalamu chini. Nimeichukua tena. Mtu ukimpa habari nzito Jumatatu, kufikia Jumamosi ameshaizoea. Ukimpa Jumamosi asubuhi, je?

Kutubu ni wajibu. Saa ya kutubu sijaona palipoandikwa.

Jumanne, 4 Machi

Muuguzi anayekuja asubuhi ameuliza mjukuu anagombea nini hasa mpaka anakula matango matupu kama sungura. Nikamfafanulia, na nilifafanua vizuri. Michezo Mikuu, ile ya dunia nzima kila miaka minne, ina milango mitatu. Wa kwanza ni orodha ya dunia: ukusanye pointi nchi hadi nchi, mashindano hadi mashindano, na watano wa juu katika kila uzito wanaingia. Mlango huo ni wa wenye nauli. Wa pili ni mashindano ya kufuzu ya bara, na hapo wanaofika fainali, wote wawili, wamefuzu. Wa tatu ni mwaliko, na huo haugongwi, unafunguliwa kutoka ndani. Sisi tunaenda mlango wa pili. Lakini kila nchi inapeleka msichana mmoja tu kwa kila uzito, na hapa kwetu uzito wa kilo hamsini na saba una wasichana wawili. Ndiyo maana ya Jumamosi.

Muuguzi akasema kumbe ni kama ajira tu, mzee, kupata kazi ya kwenda kuomba kazi.

Jioni mjukuu alikaa miguuni pangu akinyonya barafu. Bado ana kilo moja na gramu mia za kuondoa. Akaniuliza: babu, wewe enzi zako ulifuzuje? Nikasema kwa nidhamu. Kikohozi kikanibana. Akanipigapiga mgongo, akasema natamani Jumamosi niwe na moyo kama wako.

Moyo wangu. Mtoto hajui anachotamani.

Jumatano, 5 Machi

Mpango umeanza, na umeanza vibaya.

Nilimwomba muuguzi ampelekee Nyundo ujumbe kwa simu: Mwakilishi hali si nzuri, ana neno la kukuambia, njoo Jumamosi saa mbili asubuhi. Mchujo ni saa nne. Nilipiga hesabu: nusu saa ya kutubu, nusu saa ya yeye kulia au kunitukana, kisha aende akakae kwenye kiti cha kocha kichwa kikivuma kama mzinga wa nyuki.

Nyundo akajibu hapohapo. Mgonjwa hapangiwi siku, anakuja sasa hivi.

Nikamwambia muuguzi aseme nimelala. Akasema kudanganya hakumo kwenye kazi yake, kwa hiyo nilale kweli. Nikafumba macho. Nyundo akaingia, akavuta kiti, akakaa saa mbili nzima. Saa mbili, na pua inaniwasha.

Alizungumza na muuguzi kwa sauti ya chini. Akamwambia huyu unayemwona hapa alibeba jina letu nilipolidondosha mimi. Muuguzi akauliza ulilidondoshaje. Nyundo akacheka kidogo. Chai, binti. Kikombe cha chai na mkate. Nilikuwa kijana, sikuweza kuifunga hii midomo asubuhi moja tu. Akasema mpaka leo hana imani na nafsi yake. Aliwahi kuitwa awe kocha wa taifa, akakataa, kwa sababu mtu aliyeshindwa na mkate hawezi kuongoza wenzake. Wanafunzi wake akiwakaripia huwa anajikaripia yeye. Na kwenye kiti cha kocha mikono humtetemeka, huikalia ili watoto wasiione.

Kabla ya kuondoka alinivutia shuka likafika mabegani.

Ningefumbua macho pale. Neno lilikuwa tayari kooni. Dakika tano, na mtu mzima angerudi nyumbani bila mzigo alioubeba miaka arobaini na tano. Sikufumbua. Nilijiambia siku tatu si kitu kwa mtu aliyekwisha kuzoea.

Nimejikuna pua mpaka imechubuka.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Pumzi inakuja kwa mafungu. Dawa mpya, chungu.

Nimewaza hivi: nikifa Ijumaa, Nyundo atanizika akijilaumu kwa chai. Atasimama kaburini na kusema mimi ndiye nilikuwa na nidhamu. Wazo hilo lilinikalia kifuani kuliko ugonjwa. Maishani mwangu nimekagua shule mia na zaidi, nimewaandikia walimu kwamba wanajipendelea katika kusahihisha. Kalamu nyekundu yote ile.

Muuguzi amenitazama, akasema mzee unaonekana kama mtu aliyemeza ufunguo. Kama kuna la kusema, sema, Nyundo nitampigia hata leo. Nikasema Jumamosi. Akauliza Jumamosi kuna nini. Nikageukia ukutani.

Nimekunywa dawa zote, hata ile niliyokuwa naimwaga kwenye ua. Lazima nifike Jumamosi.

Ijumaa, 7 Machi

Upimaji wa uzito umefanyika. Mjukuu: hamsini na sita na gramu mia tisa. Sindano: hamsini na sita na gramu mia nne. Wote ndani. Mjukuu anasema Nyundo alikuja na mizani yake mwenyewe, na mizani ya mwanawe, na ya duka la dawa, akampima Sindano kwenye zote tatu ndipo akamruhusu kumeza mate. Watu walimcheka. Mjukuu naye alicheka akinisimulia, kisha akala wali sahani mbili.

Mimi sikucheka.

Najisikia nafuu kidogo leo. Muuguzi amekubali kumpigia Nyundo kesho saa moja na nusu. Nimemwambia aseme nakata roho. Akasema atasema ninamwita.

Jumamosi, 8 Machi

Alikuja saa mbili kasoro. Mjukuu alikuwa ameshatangulia ukumbini na kocha wake. Sikutegemea kwamba Nyundo angekuja na Sindano, lakini walikuwa safarini kwenda huko. Msichana mrefu, mwembamba, mkoba begani. Akanipa shikamoo kwa adabu, akabaki mlangoni.

Nikasema. Mizani, skrubu, nusu kilo. Nilikuwa nimetunga utangulizi mzuri kuhusu ujana, ukanipotea. Yalitoka kama orodha ya vifaa vya darasa.

Nyundo hakulia. Hakunitukana. Aliuliza nusu kilo kamili? Nikasema kamili, labda na kidogo. Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Chai, gramu mia tatu. Mkate, mia moja. Akasema taratibu: kwa hiyo nilikuwa ndani. Nikasema kwa mizani ile ulikuwa ndani, hata na chai yako. Kwa hiyo haikuwa chai, akasema. Akarudia. Halafu akamgeukia Sindano mlangoni, uso umemfunguka kama wa mtoto, akamwambia umesikia, mama? Haikuwa chai.

Akanishika mkono kwa nguvu, bila kusema amenisamehe wala hajanisamehe. Akaondoka. Nilisikia hatua zake kwenye ngazi. Alikuwa anaruka ngazi mbilimbili. Ana miaka sabini.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Mjukuu amerudi saa saba, mdomo umevimba. Ameshindwa, raundi mbili kwa moja. Anasema hajawahi kumwona Nyundo vile. Siku zote humpigia Sindano kelele mpaka msichana anachanganyikiwa, na wao walikuwa wameshalijua hilo, walilitegemea. Leo alikaa mikono magotini, imetulia. Kabla ya raundi ya tatu alimwambia neno moja tu: pumua. Sindano akapumua, akamshindilia teke la kichwa, pointi tatu.

Kisha mjukuu akakaa kitandani. Sindano amemweleza yote. Nilingoja kelele. Hakupiga. Aliniuliza tu: Jumatano alikaa hapa saa mbili, kwa nini hukumwambia Jumatano?

Nikasema nilikuwa nimelala.

Akasema muuguzi amemwambia kuhusu pua.

Ningemwambia Jumatano, Nyundo angeponywa vilevile, na mtoto huyu angeshindwa vilevile, lakini angeshindwa akiwa na babu. Mwishowe alinishika mkono. Akasema babu, naomba kitu kimoja: usinisaidie tena. Nikaahidi. Nililia, na kilio kilikuwa cha kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Nyundo alikuja jana akakaa mpaka jioni. Wakati wa kuaga alisema hasira ipo, ndugu yangu, itakuja tu, lakini kwa sasa nina furaha na sitaki kuiharibu. Amekubali kwenda kambi ya taifa kama kocha. Amemchukua mjukuu awe mwenza wa mazoezi wa Sindano, na jina lake limeingizwa kama mchezaji wa akiba. Mjukuu ameridhika. Anaimba akifua sare.

Daktari ameshangaa. Amesema kutua mzigo kumenisaidia, mapigo yamekaa sawa. Nimelala usingizi wa mtoto. Nimetambua, kwa kuchelewa, kwamba ukweli hautakiwi kutumiwa kama fimbo.

Mchezaji wa akiba. Nimesoma kanuni kwa makini. Nafasi ni ya nchi, wala si ya mchezaji. Kamati ya uteuzi inaweza kubadilisha jina mpaka Alhamisi, na kura ya mwisho ni ya mwenyekiti. Mwenyekiti ni mtu mgumu. Lakini nimeona kwa macho yangu jinsi toba inavyomlainisha mtu, inavyomfanya mkarimu. Kosa langu lilikuwa kumtubia kocha wa upande wa pili.

Nimemwomba muuguzi ampigie mwenyekiti, aje Jumatano, kuna mzee anaumwa sana na ana la kuungama. Muuguzi ameuliza ulimkosea nini na huyo.

Sikumbuki. Lakini nimeishi miaka sabini na mbili na nimekuwa mkaguzi kwa thelathini, lazima kipo. Nina siku mbili za kukitafuta.